Uzi wa kaseti za Krismasi: wa Moshi na Arusha, wimbo gani kwako unaishia pale mtangazaji alipoukatiza?

Mmachame Mbishi (mleta uzi)

Wakuu, za jioni.

Tiketi ya kwenda Moshi ninayo mkononi. Mwaka huu nimewahi, maana nawajua Wachaga wenzangu: ikishafika katikati ya Desemba, pale stendi ya Mbezi hata siti ya pembeni ya injini inagombewa. Basi katika kujiandaa na safari ya kwenda kuhesabiwa, yaani kurudi nyumbani mlimani kwa Krismasi, kila jioni najipigia zilipendwa kwenye simu, na kuna kitu kimenikera mpaka nimeamua nifungue uzi.

Nyimbo zimekuwa safi mno.

Kuna wimbo mmoja wa bendi ya Mlimani Park, wana Sikinde, ninaoujua tangu darasa la pili, neno kwa neno, mpaka mahali mwimbaji anapovuta pumzi. Kwangu mimi wimbo ule unaishia kwenye chemko: magitaa yameanza kukimbizana, tarumbeta zinajibizana na saksafoni, halafu taratiiibu sauti inashushwa, mtangazaji anaingia, "Radio Tanzania, Dar es Salaam", anataja saa, kisha ngoma ya taarifa ya habari. Hapo ndipo mwisho. Juzi nimeusikia mzima mtandaoni, kumbe baada ya pale kuna magitaa mengine kibao ambayo sijawahi kuyasikia maishani mwangu. Wakuu, sikuyapenda. Nilikaa naisubiri ngoma ya habari, haikuja, nikawa kama abiria aliyepitilizwa kituo.

Mchawi ni kaseti ya baba mdogo. Alikuwa anafanya kazi kiwanda cha sukari cha TPC kule Arusha Chini, na kila Desemba akipanda Machame alikuja na redio kaseti yake ya National imeviringishwa kwenye khanga. Upande wa redio ulishakufa zamani, ilibaki inacheza tepu na kurekodi tu. Nyumbani babu alikuwa na redio yake kubwa ya Philips, hiyo nayo haina sehemu ya kaseti. Kwa hiyo kurekodi ilikuwa shughuli ya vyombo viwili. Ya babu inawekwa juu ya kigoda, ya baba mdogo inawekwa mbele yake zikitazamana, maiki ielekee spika, halafu baba mdogo anainua kidole na nyumba nzima inanyamaza. Anabonyeza kile chekundu pamoja na jirani yake kwa mpigo mmoja. Ukikohoa hapo, umekohoa milele.

Ndiyo maana kaseti ile, pamoja na Mlimani Park, ina jogoo. Ina komeo la banda la ng'ombe. Ina bibi akiuliza kwa Kimachame ni nani ameacha ndizi ziungue jikoni, baba mdogo anamwambia mama yake mzazi "ssssh!", na bibi anamjibu kitu ambacho nikikiandika hapa wasimamizi watanilamba bani.

Kwa hiyo swali langu: nyie mna wimbo gani wa sikukuu ambao kwenu haujakamilika bila zile kelele zilizouzunguka? Redio gani, mtangazaji nani, mlikuwa wapi? Wa Arusha na Kilimanjaro mnayo siti ya mbele, wengine karibuni, mbege ipo.

Mpakani

Natia nanga hapa. Mangi, umenipeleka mbali sana.

Sisi wa Rombo, upande wa Tarakea, antena yetu ilikuwa inaangalia Kenya. Dar ilikuwa inakuja na kuondoka, hasa usiku, sauti inavimba halafu inazama, ila Sauti ya Kenya ilikuwa inaingia kama mtu kakaa sebuleni. Jumapili nyumbani ilikuwa ni Leonard Mambo Mbotela na "Je, Huu ni Ungwana?" Mzee wangu alikuwa anamsikiliza halafu anatugeukia sisi, kana kwamba Mbotela amepewa majina yetu. Alipofariki Februari 2025 nilimpigia simu dada yangu, tukacheka huku tunalia.

Mpaka ulifungwa mapema 1977 Jumuiya ilipovunjika. Sabuni na mafuta ya kupikia vikawa vinapita usiku, migombani, kwa kunyata. Redio ilikuwa inapita mchana kweupe na hakuna mgambo aliyeweza kuifanya kitu. Kwa hiyo Krismasi zetu zilikuwa na Simba Wanyika na Les Wanyika kuliko Sikinde. Watanzania wenzetu, wanaimba kutoka Nairobi, tunawasikia kupitia Kenya. Ukiniuliza sauti ya tarehe 25 Desemba nitakwambia ni lile gitaa la ridhimu la Les Wanyika, halafu mtangazaji anasema saa ya Nairobi, ambayo ni saa ileile ya kwetu lakini akiitaja yeye ilikuwa inasikika tajiri zaidi.

Ngarenaro Damu

Mpakani, hapo kwa Simba Wanyika sisi wa Arusha tuna hisa, msituruke.

Wale ndugu wa Kinyonga, Wilson na George, ni watu wa Tanga, walipiga na Jamhuri Jazz huko. Lakini 1970 walihamia Arusha, wakaungana na ndugu yao William, wakaanzisha Arusha Jazz. Hapahapa mjini. 1971 wakavuka Namanga kwenda Nairobi, na huko ndiko Arusha Jazz ilipogeuka kuwa Simba Wanyika. Les Wanyika wakamegeka kutoka kwao 1978. Kwa hiyo kila mkipiga yale magitaa mjue yalipita kwetu kwanza, yakanywa chai, yakaendelea na safari.

Na mleta uzi, hiyo redio ya babu yako ya Philips ina uwezekano mkubwa iliunganishwa huku. Kiwanda chao kilikuwa Arusha, njia ya kwenda Njiro. Redio hazitoki tena pale lakini mahali panaitwa Philips mpaka kesho, konda anaita "Philips, Philips" na nusu ya abiria wamezaliwa baada ya kiwanda kunyamaza.

Mimi ni wa juzi, miaka ya tisini mwishoni. Krismasi yangu ina sauti mbili zinazogombana. Sebuleni mzee na Jim Reeves, yule Mmarekani aliyekufa kwa ajali ya ndege 1964 lakini Tanzania hajawahi kuarifiwa kama amekufa. Ile albamu yake ya Krismasi ya 1963 nyumbani ilikuwa inaanza kupigwa Novemba. Nje, kwenye ukuta wa duka, sisi na redio ya mkononi tunasaka hip hop. X Plastaz walikuwa wameshaanza, vijana wetu wa Ilboru, wanachanganya kufoka na uimbaji wa Kimaasai, na sisi tulikuwa tunatembea kifua mbele maana Dar hawakuwa na kitu kama kile. Baadaye wakaja Nako 2 Nako, wakaja Weusi. Lakini nikiwa mkweli, nikisikia Jim Reeves leo dukani natafuta kwa macho mzee yuko wapi. Hip hop hainifanyi hivyo.

Meku Mstaafu

Vijana, shikamooni mnipe mimi, halafu mtulie.

Mleta uzi ametaja kaseti, nami nimefundisha shule za msingi mkoa huu miaka mingi, acha nieleze kwa nini tulikuwa tunarekodi. Si kwamba tulipenda sana kurekodi. Hatukuwa na njia nyingine.

Bendi za dansi zilirekodi Radio Tanzania, studio ya Barabara ya Pugu. Redio ndiyo ilikuwa na mitambo, redio ndiyo ilikuwa na fundi, na utepe ulibaki maktaba ya redio. Kama unataka santuri, zilikuwa zinachapwa Nairobi. Mpaka ukafungwa 1977, ukafunguliwa Novemba 1983 baada ya Mwalimu, Moi na Obote kukutana palepale Arusha. Hebu hesabu ni Krismasi ngapi hizo. Vijana Jazz, Juwata, Mlimani Park iliyoanza 1978, Maquis, wote wako kwenye kilele, nyimbo zinatoka kila mwezi, na wewe uliyeko Kibosho duka la kununulia wimbo hamna. Unao ukipigwa. Usipopigwa huna. Ndipo watu wakawa wawindaji, wanamvizia mtangazaji.

Na kuvizia kulitaka betri. Betri nazo zilikuja duka la ushirika kama sukari, kwa orodha. Ikifika Desemba utaona betri za National zimepangwa juu ya bati, zinaota jua, zipate nguvu ya kufika mwaka mpya. Wapo waliozichovya kwenye majivu ya moto. Mimi nilikuwa mtu wa jua. Kwenye nyumba yangu sheria ilikuwa hivi: Desemba nzima redio inafunguliwa kwa taarifa ya habari na Club Raha Leo Show tu, betri zikusanyiwe mkesha. Wanangu wakaniita Mhifadhi.

Mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe alifariki katikati ya Januari 1979, ajali ya gari Mombasa. Nimeitaja tarehe kwa sababu kwetu ile sikukuu haikuisha. Tulikuwa bado tunakula mabaki ya sherehe, mbuzi wa mwisho bado yuko juu ya dari la moshi, redio ikatangaza. Huyu ni mtu aliyekwenda na Morogoro Jazz mpaka Japani, maonyesho ya Osaka ya 1970, mtu mkubwa. Zikapigwa nyimbo zake, na watu waliokuwa na kaseti tupu walizitumia siku zile. Kwa hiyo ukikuta kaseti ya zamani ya Mbaraka huku mlimani, sikiliza kwa makini katikati ya nyimbo. Nyingi mtangazaji anaongea kwa sauti ya msiba.

Kitu kingine ambacho hamjakitaja, na mnapaswa kujivunia. Moshi ilikuwa na studio yake tangu miaka ya sitini: Sauti ya Injili ya Walutheri. Vipindi vya Kiswahili vinatengenezwa Moshi, vinapelekwa Addis Ababa, vinarushwa kwa mitambo mikubwa ya kule kuja kurudi kwetu. Kwaya ya jirani yako unaisikia kutoka Ethiopia! Ilianza kurusha 1963, na 1977 serikali ya kijeshi ya kule ikaichukua. Mwaka ule tulipoteza mpaka na Addis kwa mkupuo.

Mpakani

Meku, shikamoo. Mbuzi juu ya dari la moshi mpaka katikati ya Januari, aisee. Watu mlikuwa na nidhamu.

Dada wa Pasua

Jamani na sisi Waislamu wa Moshi tupo, msituache nje na mvua hii.

Mimi nimezaliwa Pasua. Krismasi kwetu ilikuwa sikukuu ya jirani, na jirani akifurahi na wewe unavaa vizuri, ndivyo tulivyolelewa. Nyumba ya pili walikuwa watu wa Kibosho na ukuta ulikuwa mmoja. Ule wimbo wa Boney M. wa mtoto wa Mariamu nimeusikia kupitia ukuta tangu sijaanza shule, besi inapita, maneno yanabaki kwao. Nilipokuja kuusikia kwenye spika nzuri nilishangaa kumbe una vinanda vyote vile.

Idi ndiyo ilikuwa na redio. Siku ya 29 ya Ramadhani, baada ya magharibi, baba anaikumbatia redio kifuani. Hakuna kula vizuri, hakuna kuosha vyombo, tunasubiri watangaze kama mwezi umeandama. Wanapiga qaswida, tunakaa. Wanapiga nyingine, tunakaa. Mama keshaloweka mchele wa pilau, lakini manyoya ya kuku hayajaguswa maana kesho inaweza kuwa funga. Halafu ile kauli inakuja na mtaa mzima unalipuka kabla mtangazaji hajamaliza sentensi. Mpaka leo sijawahi kuisikia mpaka mwisho.

Mwaka 2000 ndio usiseme. Idi iliangukia siku mbili tatu baada ya Krismasi. Watoto wa Kibosho wametuletea sahani za ndizi na nyama tukiwa tumefunga, mama akazifunika na kuziweka mpaka magharibi. Kabla vyombo vyao havijarudi ikawa Idi, vikarudi na pilau na maandazi. Kwenye ukuta huku Boney M., kwetu taarabu ya Khadija Kopa, na kaka yangu katikati ya uwanja na redio yake anatafuta mpira. Mama alisema wiki ile hakupika, alikuwa anasafirisha sahani tu.

Na kadi za salamu je, mmezisahau? Unanunua kadi, unaandika majina ya watu wako, unatuma redioni Dar, halafu unaanza kusikiliza kila siku kama mtu aliyefungua kesi. Shangazi yangu aliandikia "wote wanaonifahamu" kwa sababu nafasi ilikuwa haitoshi na hakutaka lawama. Ilisomwa hivyohivyo. Lawama zikaja palepale.

Ngarenaro Damu

"Wote wanaonifahamu" 😂😂 Shangazi ni mwanasiasa.

Shemeji wa Rombo

Hodi. Mimi ni mtu wa Tanga, nimeolewa huku juu, kwa hiyo naongea kama mgeni mwenye haki ya kupiga kura.

Nyie mnajidanganya kwa upole. Mleta uzi anasema wimbo bila jogoo na bibi haukamiliki. Baba, wewe humpendi Mlimani Park, unampenda bibi! Hao wanamuziki walikesha studio wapige chemko mpaka mwisho, wewe umekuja kufurahia alipokatwa. Mpigaji wa gitaa akikusikia atakuweka ndani. Mimi nimekulia kwenye muziki, kwetu Tanga bendi ilikuwa inapigwa unaiona, na nakwambia kipande unachokiita "magitaa mengine kibao" ndicho kilichowatoa watu kwenye viti. Cha kwanza kilikuwa cha kusikiliza ujumbe, cha pili cha kucheza. Ulipewa ujumbe ukanyimwa dansi.

Haya, nikirudi kwenye mada. Krismasi yangu ya kwanza ukweni nilipanda basi Ubungo alfajiri, Segera jua kali, Mombo tukala, Same vumbi, na baada ya Himo gari ikaanza kupanda na mimi nikaanza kutetemeka, nimekuja na magauni ya Tanga. Usiku nimelala kwa mablanketi mawili. Saa kumi na moja alfajiri naamshwa na tarumbeta. Si redio, tarumbeta za kweli, watu wazima wamevaa makoti, wanapita njiani katikati ya migomba na ukungu wanapiga wimbo wa Krismasi wa Kijerumani ambao hata mimi Mwislamu wa zamani niliutambua. Ukweni wangu ni Wakatoliki, lakini wale Walutheri walipita mpaka kwetu, mama mkwe akawapa chai. Nilitoka nje na blanketi begani. Baba mmoja alikuwa na tarumbeta iliyobonyea ubavuni, imezibwa na utepe mweusi wa fundi umeme, na yeye ndiye aliyekuwa anapiga ile sauti ya chini inayobeba wengine wote. Kila akimaliza mstari anaigeuza, anakung'uta mate, anairudisha mdomoni bila kukosa pigo.

Hiyo haikurekodiwa na mtu. Ningeipata kwenye kaseti leo ningelipa pesa.

Kisusio, ile supu yenu ya damu, sijakigusa mpaka leo, nisiulizwe.

Mmachame Mbishi (mleta uzi)

Shemeji, umenipiga pigo takatifu na sina la kujibu kuhusu bibi. Ila kuhusu chemko bado nabisha, jina langu lipo hapo juu. Mpiga gitaa alipiga mpaka mwisho, sawa. Lakini wimbo uliotufikia mlimani ulikuwa ni ule uliokatwa, na ndio tuliooania, tuliozikia, tuliokaangia ndizi. Wa studio ni wa kwake, uliofika ni wa kwetu. Mtangazaji ni mwanamuziki mwingine kwenye bendi. Marehemu Julius Nyaisangah, Uncle J, aliyetutoka 2013, nani hapa anaweza kuniambia sauti ile haikuwa ala?

Tarumbeta hizo ni zetu, nashukuru umezitaja. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame 1893, na tarumbeta ni mojawapo ya vitu walivyoacha vikaota mizizi kuliko walivyotegemea. Mwenye kitabu cha Mwimbieni Bwana anaimba, asiyekuwa nacho anafuata tarumbeta. Pasaka alfajiri wanakwenda makaburini, Krismasi wanapita majumbani. Kwetu anayepiga ile ya chini huwa ni mtu mmoja maisha yake yote, na akifa inachukua muda mrefu wengine kukaa sawa.

Na Boney M., kwa kuwa Dada wa Pasua amewataja, nimalizie ubishi ambao huzuka kila mwaka kwenye baa ya jirani yetu pale Maili Sita. Yule jamaa aliyekuwa anaruka jukwaani, Bobby Farrell, sauti nzito kwenye santuri si yake. Ni ya mtayarishaji wao Mjerumani, Frank Farian. Farrell alicheza, Farian akaimba. Albamu yao ya Krismasi ni ya 1981, na Farrell alifariki tarehe 30 Desemba 2010, wiki ileile ambayo Tanzania nzima ilikuwa inampiga. Kuna mzee pale baa akiambiwa hivi anakasirika, anasema nyie vijana mnataka kutuachia nini.

Meku Mstaafu

Huyo mzee ni mimi.

Ngarenaro Damu

😂😂😂 Uzi umefungwa rasmi.

Meku Mstaafu

Haujafungwa, kaa chini. Kuna jambo nimelikumbuka kwa sababu ya Shemeji kusema hakuna aliyerekodi.

Mnasema mtangazaji alikatiza kwa ajili ya habari. Mara nyingine alikatiza kwa ajili ya vifo. Matangazo yale mnayakumbuka: fulani wa mahali fulani anasikitika kutangaza kifo cha fulani, habari ziwafikie ndugu wafuatao, wanatajwa mmoja mmoja na mji aliko, Tanga, Mwanza, Mbeya, "popote walipo". Simu hakuna. Barua inafika baada ya mazishi. Redio ndiyo ilikuwa inakupa nafasi ya kuwahi.

Krismasi ndiyo ilikuwa na uzito wake, kwa sababu kila mtu yuko njiani. Mwaka mmoja kijijini kwetu watu walikuwa wamekaa uwanjani, mtungi uko katikati, wimbo wa Marijani Rajab unapigwa, na mtoto wa nyumba hiyo alikuwa anategemewa na basi la jioni. Ukapunguzwa wimbo. Likasomwa jina la mjomba wao wa Korogwe. Hakuna aliyepiga kelele kwanza. Baba wa nyumba aliinuka, akaenda kuchukua koti, akauliza nani ana nauli. Kila mtu akatoa alichokuwa nacho pale juu ya mkeka, pamoja na pesa iliyokuwa imechangwa kwa ajili ya mtungi wa pili. Basi lililomleta mtoto ndilo alilopanda baba kurudi nalo usiku ule. Walipishana mlangoni.

Mimi niliposikia wimbo ule tena, bila tangazo, ndipo nilipogundua una ubeti wa tatu. Kwa hiyo mleta uzi nakuunga mkono na Shemeji pia namuunga mkono, na asiyeridhika atafute mwalimu mwingine.

Shemeji wa Rombo

Meku, nimenyamaza. Shikamoo.

Kilele

Msomaji wa kimya kimya nimejitokeza. Nimezaliwa 1998, kaseti nimezikuta kwenye boksi. Mzee ameacha kama arobaini hivi, C60 na C90, zimeandikwa kwa peni: "Xmas 82", "Club Raha Leo", "Usifute". Nyingi zile pembe mbili za plastiki juu zimevunjwa. Naomba kujua zitakuwa bado zinaimba? Na zinapigiwa wapi siku hizi? Moshi mjini nimezunguka, mafundi wachanga wanazitazama kama mifupa.

Mmachame Mbishi (mleta uzi)

Kijana, shikilia hapo hapo, usiuze, usimpe mtu!

Pembe kuvunjwa ni habari njema. Mzee alizivunja makusudi ili mtu asirekodi juu yake, kaseti ya namna hiyo kibonye chekundu hakikubali kushuka. Usibandike karatasi wala selotepu pale, maana ukiziba tu inakubali kurekodiwa upya.

Kabla ya kucheza yoyote, izungushe kwa mkono na peni ya Bic, mbele mpaka mwisho, irudi nyuma, taratibu. Tepu iliyokaa miaka hiyo hujishika yenyewe, ukiiweka mashinani moja kwa moja inatafunwa. Kama kale kasponji kadogo kanakoibana tepu kwenye hedi kamedondoka, usiicheze, kapo kwenye kaseti yoyote mbovu, unahamisha. Hedi ya mashine isafishwe kwa pamba na spiriti, na usubiri ikauke. Ukungu mweupe ukiuona pembeni ya tepu, hiyo iweke kando, isichanganyike na nyingine. Na hata siku moja usizianike juani, hizo ni betri za Meku.

Kuziingiza kwenye simu au kompyuta si kazi ngumu, ni waya mmoja kutoka tundu la spika za masikioni. Deki ninayo, inafanya kazi, nakuja nayo kwenye basi, nitaipakata.

Kilele

Asante sana mkuu. Hiyo "Xmas 82" nilijaribu kuisikiliza kwenye redio ya gari bovu la jirani kabla sijaona haya maelekezo. Imecheza kidogo. Kuna kwaya, halafu watu wanacheka, halafu mtu anasema "zima, zima, zinaisha".

Meku Mstaafu

Betri.

Dada wa Pasua

Nikutumie namba ya kaka yangu faraghani? Yule wa mpira. Ana mashine ya kaseti mbili, anaitunza kuliko gari, na yuko hapa hapa Pasua, huna haja ya kumsubiri mtu wa Dar. Ila usiende saa ya mechi.

Mmachame Mbishi (mleta uzi)

Dada, kaka asubiri na yeye, twende wote. Nafika Jumamosi usiku. Jumapili asubuhi naenda kanisani na mama, ibada ya kwanza, nashuka mjini mchana. Kilele, njoo na boksi lote, usichague. Meku, na wewe uje, lakini ukiletewa Boney M. usianze.

Meku Mstaafu

Nakuja. Farrell aliimba.